Usiku Una Baridi, Kitanda Kina Joto

Saa nane za usiku mjini Kibondo, mwezi wa Septemba, mvua hazijaanza. Mlinzi wa duka amejikunyata ndani ya koti zito, kofia ameivuta hadi masikioni. Hatua ishirini kutoka alipoketi, nyuma ya ukuta wa tofali za kuchoma, kuna mtu anayetota jasho. Mto ameshaugeuza mara tatu. Shuka amelitupa pembeni. Baada ya robo saa kifua kimeingiwa na ubaridi, amelivuta tena, na jasho limeanza upya. Kukicha atasema joto lilimnyima usingizi, na mlinzi atamshangaa.

Wote wawili wanasema kweli.

Kibondo iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu nayo imepita mita 1,200. Ziwa Tanganyika, kule Kigoma mjini na Ujiji, liko kwenye mita 773 hivi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa digrii 6 na nusu kila mtu anapopanda mita 1,000, ndiyo maana aliyeamkia mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa hilo, akaja kulala Kibondo huomba blanketi usiku huohuo. Ubaridi wa Buha, nchi hii ya Waha, ni wa bure, hauhitaji feni wala umeme. Kinachoupoteza ni vitu vinavyomzunguka mlalaji: ukuta ulioshinda juani, godoro, chandarua, na zaidi ya vyote, lile shuka lililogusana na ngozi yake usiku kucha.

Ukuta tuupitie haraka. Bati hupata moto mchana na kupoa jua likizama, lakini tofali nene hunywa joto polepole na kulitoa polepole, hadi usiku wa manane. Dari, matundu ya hewa juu ya madirisha na mti wa kivuli upande wa magharibi husaidia sana, ila vyote vinataka fedha au miaka. Shuka hubadilishwa leo.

Mwili wa binadamu una kazi yake usingizini. Usiku unapoingia, joto la ndani ya mwili hushuka kwa karibu digrii moja, na njia ya kulishusha ni kupeleka damu ya moto kwenye ngozi, hasa mikononi na miguuni, ili joto litoke. Pale joto lisipopata pa kutokea, jasho huitwa kusaidia. Jasho lenyewe halipoozi kitu likibaki maji juu ya ngozi. Linapooza linapokauka. Gramu moja tu ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kuipooza lita nzima ya maji kwa zaidi ya nusu digrii.

Kila nyumba ya Buha yenye mtungi wa udongo inalijua jambo hili bila kuambiwa. Mtungi hutoka jasho: maji hupenya udongo, hutokeza nje, hukauka, na kuondoka na joto, hata maji ya ndani yakawa baridi saa saba mchana. Ndoo ya plastiki iliyowekwa kando yake, kivuli kilekile, maji yake yana uvuguvugu. Pamba ni mtungi. Poliesta ni ndoo.

Si mfano wa kupamba maneno tu, maana wapimaji wa vitambaa wana tarakimu zake. Katika hewa yenye unyevu wa wastani, uzi wa pamba hushika maji yapatayo asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu na bado mtu akiushika atasema ni mkavu. Kitani hufika karibu asilimia 12. Poliesta hushika asilimia 0.4, yaani karibu na hakuna. Shuka la pamba hulipokea jasho likiwa bado mvuke, likalieneza kwenye nyuzi na kulitoa upande wa pili. Shuka la poliesta hulirudisha kwa mwenyewe, ndipo mgongo unateleza na shuka linaganda mapajani.

Sasa twende gulioni. Mashuka yamekunjwa kwa ukubwa wa vitanda vyetu, tano kwa sita, sita kwa sita, kila pea na foronya zake mbili, ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu na picha ya maua mekundu. Muuzaji atasema, "Hii pamba tupu, mama, shika mwenyewe." Mama atashika, atakuta laini kama hariri, atalipa. Ulaini huo ndio mtego. Mashuka mengi mapya yenye maua ya kung'aa hufumwa kwa nyuzi nyembamba mno za poliesta, zile ziitwazo maikrofaiba, na mkono wa mnunuzi saa nne asubuhi hauwezi kujua ngozi itasema nini saa nane usiku. Pamba mpya ina ukavukavu kidogo, hukunjika ukiifumbata kiganjani, na alama za mikunjo hubaki. Poliesta ikifumbatwa hufunguka imenyooka kana kwamba haikuguswa.

Jaribio la pili ni tone la maji. Kidole kikichovywa na kugusishwa kwenye kitambaa, pamba iliyofuliwa hunywa tone mara moja na doa hupanuka. Poliesta mara nyingi huliacha tone limekaa juu kama umande kwenye jani la mgomba. Shuka jipya la pamba laweza kuchelewa kunywa kwa sababu ya wanga na dawa za kiwandani, kwa hiyo jaribio la tatu ndilo lenye uhakika zaidi, nalo ni la moto. Muuzaji muungwana hakatai kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo. Ukiwashwa kwa kiberiti, nje na mbali na nguo nyingine, uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ya kijivu husagika kati ya vidole. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Uzi wa mchanganyiko hufanya yote mawili: huwaka, kisha hubakiza punje ngumu ndani ya majivu.

Mchanganyiko si wa kutupwa. Mashuka mengi yaliyokuwa ya hoteli na hospitali za Ulaya, yanayofika kwenye belo za mitumba, ni nusu pamba nusu poliesta, na kwa mtu asiyetoka jasho sana hutosha. Ila mwenye kutota usiku anatafuta pamba tupu, na humo humo kwenye belo ndimo ilimo. Lebo ndogo iliyoshonwa kwenye kona huandikwa "100% Cotton". Shuka la namna hiyo, lililofuliwa mara mia mbili na watu wasiojuana, limeshatoa wanga wake wote na kulainika ulaini wa kweli. Tena halikuhitaji shamba jipya wala kiwanda kipya ili lifike Kasulu, na kwa anayejali mazingira ni vigumu kupata linalolishinda.

Baada ya aina ya uzi, yafuata namna ulivyofumwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa kwa tarakimu. Kitambaa cha kawaida kabisa hufumwa hivi: uzi wa mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande, chini ya unaofuata, juu, chini, hadi mwisho. Mashuka ya namna hii lebo zake husema "Percale". Uso wake hauna mng'aro, na mtu akiliinua shuka kuelekea dirishani huona mwanga ukipenya vitundu vidogo vidogo, vilivyopangika sawasawa. Hewa nayo hupita humo. Satini hufumwa kwa uzi kuruka juu ya nyuzi 3 au 4 kabla ya kuzama chini ya mmoja. Uso unateleza na kung'aa, kitambaa kinakuwa kizito, kinalala juu ya mwili na kufungia joto. Satini ya pamba ni nzuri, lakini mahali pake ni Julai, kipupwe kinapopiga, si Septemba.

Kisha kuna ile idadi ya nyuzi kwenye inchi moja ya mraba. Sanduku likiandikwa 1,000, bei hupanda na mnunuzi huona fahari. Ukweli ni kwamba inchi moja haiwezi kubeba nyuzi nyingi kiasi hicho. Viwanda husokota nyuzi nyembamba mbili, tatu au nne kuwa uzi mmoja, kisha huzihesabu zote. Kwa mtu wa joto, pamba ya nyuzi 200 hadi 400 inatosha kabisa, na hiyo ya 200 mara nyingi hupumua kuliko hiyo ya 1,000.

Kitambaa hiki cha juu-moja-chini-moja si mgeni Buha. Kiliingia kichwani mwa wapagazi, mkononi mwa wenye misafara, kwa jina la merikani. Kilikuwa nguo ya pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kutoka Unguja ilisafiri hadi Ujiji, ikipimwa kwa mikono na kuhesabiwa kwa doti, ikanunua chakula, pembe na njia. Novemba 1871, Henry Morton Stanley akienda Ujiji kumtafuta David Livingstone, alikatiza Buha, na wakubwa wa Waha wakamtoza hongo ya doti za nguo mara kwa mara, hata akaamua kuondoka usiku, kupitia vichakani, ili asifilisike kabla ya kufika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikuwa vimeshapunguza pamba na viwanda vile, nguo za India na Uingereza zikaanza kuchukua nafasi. Jina likabaki. Hadi leo mzee akisema merikani, anamaanisha kitambaa kigumu, cheupe-cheupe, cha kudumu.

Ndugu yake aliye hai ni kanga. Kanga ya pamba imefumwa vilevile, ni nyepesi, na haijapata mshindani kama shuka la kujifunika la usiku wa joto. Wanawake wa Kasulu na Kibondo wanaojitanda kanga moja usiku wako mbele ya matangazo yote ya mashuka yanayopooza. Tahadhari ni moja tu: kanga za poliesta zimejaa sokoni, zina rangi kali na haziishi kung'aa, nazo zifanyiwe jaribio lilelile la uzi na kiberiti. Kitenge kizito hufaa zaidi kutandikwa kuliko kujifunika.

Na "shuka la mianzi"? Lipo, lina bei, na linasifiwa kuwa la asili. Mwanzi hauwezi kusokotwa moja kwa moja ukawa laini namna ile. Huyeyushwa kwa kemikali kali, kisha ukavutwa kuwa uzi uitwao viskosi. Uzi huo hunywa jasho vizuri, hilo halina ubishi. Lakini Aprili 2022 kampuni za Walmart na Kohl's zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 huko Marekani, baada ya tume ya biashara ya serikali kuzishtaki kwa kuuza viskosi kwa jina la mwanzi na kudai imetengenezwa kwa njia rafiki wa mazingira. Anayelipia mwanzi Kasulu ajue analipia nini.

Pamba nayo haijatakata dhambi. Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ilikauka kwa sehemu kubwa kwa sababu mito yake ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba. Tanzania ni tofauti: pamba yetu hutegemea mvua, hulimwa na wakulima wadogo na kuchumwa kwa mkono, na mkoa wa Kigoma wenyewe umo katika ukanda wa magharibi unaoilima. Meatu, mkoani Simiyu, kampuni ya bioRe Tanzania imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba isiyotumia dawa za viwandani tangu 1994. Linaloumiza ni kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa marobota, haijasokotwa. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, nia ilikuwa pamba ivuke kutoka shamba hadi kitandani bila kutoka nchini. Leo mkulima wa magharibi anaweza kuvuna pamba Juni na kununua shuka la poliesta Agosti kwa fedha hizohizo. Jambo hili lingestahili hasira zaidi kuliko linayoipata.

Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na kila linapofuliwa shuka lake huachia vipande vidogo vya uzi visivyoonekana wala kuoza. Maji ya kufulia ya Kibondo na Kasulu huishia vijitoni, na vijito vingi vya huku huelekea Malagarasi, bonde ambalo ardhi oevu yake ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Kutoka huko maji hushuka Ziwa Tanganyika, kwenye migebuka na dagaa.

Tukirudi chumbani, liko jambo linalolifanya shuka kuwa suala la afya. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2017 ulikuta Kigoma inaongoza nchini kwa maambukizi ya watoto wa chini ya miaka mitano: kama 24 kati ya kila 100, wakati wastani wa taifa ulikuwa 7. Chandarua ndicho ngao. Na watu wanaoacha kukitumia, hapa na kwingineko Afrika, hutaja joto miongoni mwa sababu zao za kwanza, kwa kuwa chandarua hupunguza mwendo wa hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikaushe jasho. Ndani ya chandarua, basi, shuka linalokunywa jasho lina kazi kubwa zaidi, maana mtoto asiyesumbuliwa na joto hapigi mateke chandarua hadi kichomoke chini ya godoro.

Na godoro lenyewe! Nyumba nyingi hununua godoro la sponji na kuliacha ndani ya nailoni yake miaka miwili, mitatu, ili lisichafuke. Juu ya nailoni hiyo hata pamba bora hushindwa, kwa sababu jasho linaloshuka halina pa kwenda. Nailoni ivuliwe, godoro livalishwe gamba la kitambaa cha pamba, mchana lianikwe. Wazee waliolala juu ya kirago cha matete walipata hewa kutoka chini, jambo ambalo sponji haliwezi. Mkeka wa nyasi uliowekwa kati ya godoro na shuka hurejesha sehemu ya faida hiyo, na hugharimu kidogo sana.

Lipo jasho lisiloponywa na shuka lolote. Anayelowa usiku baada ya usiku, akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au nguo zinazompwaya, aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu; Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure. Homa inayopanda ghafla na kuondoka kwa jasho jingi ipimwe malaria siku hiyohiyo. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hupata mawimbi ya joto ya ghafla ambayo si ugonjwa, na baadhi ya dawa nazo huleta jasho. Hawa ndio hasa wanaofaidika na kutandika pamba na kujifunika vitu viwili vyepesi, kanga na blanketi jembamba, badala ya kimoja kizito: huvua kimoja, hubakiza kingine, na usingizi haukatiki.

Shuka jipya la pamba lilowekwe usiku kucha na kufuliwa kabla ya kutandikwa, ili wanga utoke. Dawa za kulainisha nguo zenye harufu ziachwe, kwani huupaka uzi utando unaozuia kunywa maji. Masika pamba huchelewa kukauka, na huo ni upungufu wake wa kweli. Mwenye uwezo awe na mashuka ya kubadilisha. Yasianikwe majanini wala chini: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mlalaji na kuota kama jipu. Kamba iwe juani, kisha pasi ya mkaa ipite pande zote mbili, na zaidi kwenye pindo na mishono.

Shuka huchakaa katikati, pale mabega na nyonga zinapolala, na kingo hubaki nzima. Fundi cherehani wa sokoni hulipasua kwa urefu, huzigeuza kingo zilizo imara zikakutana katikati, hushona mshono bapa, kisha hupinda upya pande mbili zilizochoka. Mshono huo mgongo huusikia siku mbili tatu za mwanzo. Shuka huishi miaka mingine kadhaa, na likishindwa kabisa hukatwa foronya, kisha nepi, kisha kitambaa cha kupangusia taa.